Chembe sahani zimepanda na chanzo hakijulikani: jinsi ya kutumia kipimo cha EPO bila kupotea

Matabibu na madaktari wanaoanza kazi hukwama mahali pamoja. Picha kamili ya damu (FBP) imerudi na chembe sahani (PLT) 700 au 900. Antibiotiki zimetolewa, vidonge vya chuma vimetolewa, namba haishuki. Kisha mgonjwa anaagizwa akapime "homoni ya chembe sahani" kwenye maabara ya mbali. Anauza alichonacho, jibu linarudi "kawaida", na hakuna anayejua la kufanya nalo.

Mara nyingi maabara haina kosa. Homoni iliyopimwa haiwezi kujibu swali lililoulizwa, au imepimwa baada ya matibabu kuivuruga. Mambo yote mawili yanazuilika, na kinga yake ni mpangilio wa hatua.

Mwongozo huu wa kutumia EPO (erithropoietini, homoni inayohimiza chembe nyekundu) ni wa tabibu, daktari wa hospitali ya wilaya na fundi sanifu wa maabara. Mgonjwa anayetaka kuelewa karatasi zake anaweza kuusoma pia, ila asianze wala kuacha dawa kwa sababu yake.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi zote za FBP za mgonjwa, hata za miaka iliyopita. Mwambie atafute nyumbani. Kadi ya kliniki ya wajawazito au karatasi ya kabla ya upasuaji inaweza kuwa na namba muhimu kuliko ya leo.
- Tyubu ya EDTA (kifuniko cha zambarau), slaidi safi, rangi ya Giemsa au Leishman, na darubini.
- Tyubu ya seramu, mashine ya kusota damu, friji, na kisanduku baridi cha kusafirishia.
- Tyubu ya heparini (kifuniko cha kijani), kwa sababu nitakayoieleza kwenye potasiamu.
- Uwezo wa kupima feritini (akiba ya chuma), CRP au ESR (alama za uvimbe au maambukizi mwilini), na kreatinini (kazi ya figo).
- Njia ya kupeleka sampuli ya EPO na ya jeni la JAK2 (jeni linalobadilika katika baadhi ya magonjwa ya damu). Ulizia bei na siku za majibu kabla ya kumchoma mgonjwa.

Usimtume mtu kupima homoni kabla ya kuwa na feritini, CRP na kreatinini. Bila hizo tatu, EPO haisomeki.

## Homoni mbili, na kwa nini moja inadanganya

Thrombopoietini (TPO) ndiyo inayouamuru uboho (kiini laini cha mifupa kinachotengeneza damu) utengeneze chembe sahani. Ini huitoa karibu kwa kiwango kile kile siku zote. Kinachoipunguza ni chembe sahani zenyewe pamoja na seli mama zao kwenye uboho, megakariosaiti: zina kipokezi kiitwacho MPL, na kwa kipokezi hicho huinasa TPO na kuimeza. Ni kama bomba lililoachwa wazi: maji yanayobaki kwenye ndoo hutegemea wachotaji ni wangapi.

Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia kwamba uboho ukiugua na kumwaga chembe sahani ovyo, TPO itashuka sana. Hapo ndipo wengi wanapotegwa. Katika ugonjwa wa thrombosaithemia (ET), chembe hizo huwa na vipokezi vichache vya MPL, hivyo TPO hainaswi ipasavyo na hubaki kawaida au hupanda kidogo. Kwa upande wa pili, mtu mwenye maambukizi au uvimbe wa muda mrefu (inflamesheni) hutoa kemikali iitwayo interlukini-6, ambayo hulisukuma ini kutoa TPO zaidi. Naye jibu lake huwa kawaida au juu kidogo. Magonjwa mawili yaliyo tofauti kabisa, jibu moja. Ndiyo maana sishauri mgonjwa wa kawaida atoe hela yake kwa TPO.

Kuna tofauti moja. Ikiwa chembe sahani ziko juu tangu utotoni na mzazi au ndugu anazo vile vile, kuna uwezekano wa hitilafu ya kurithi kwenye jeni la THPO, na hapo TPO huwa juu kweli. Ukiamua kuipima, uliza maabara inataka plazma au seramu na uifuate. Damu ikiganda, chembe sahani humwaga TPO iliyo ndani yao, hivyo seramu husoma juu kuliko plazma.

Erithropoietini (EPO) ni habari nyingine. Kwa mtu mzima hutoka hasa kwenye figo, na kazi yake ni kuhimiza chembe nyekundu. Oksijeni ikipungua, EPO hupanda. Damu ikiwa nyingi kupita kiasi, figo huikata. Inahusianaje na chembe sahani? Ugonjwa wa polisaithemia vera (PV) hupandisha chembe nyekundu na mara nyingi chembe sahani pia, bila kungoja amri ya EPO. Kwa hiyo EPO hushuka chini ya kiwango. WHO, katika mwongozo wake wa 2016 wa uainishaji wa magonjwa haya, iliiweka EPO ya chini kuwa kigezo kidogo cha kutambua PV.

## Hatua ya 1: Hakikisha namba ni ya kweli

Zaidi ya 450 × 10⁹ kwa lita ndiyo huhesabiwa kuwa juu. Kabla ya kuiamini, tengeneza slaidi kutoka damu ya siku hiyo hiyo na uiangalie kwa macho yako.

Sababu: mashine nyingi huhesabu chembe kwa ukubwa. Vipande vya chembe nyekundu zilizovunjika, au chembe nyekundu ndogo mno, huingia kwenye hesabu ya chembe sahani.

Ukiwa kwenye darubini tafuta pia vitu vingine vitatu. Chembe nyekundu zenye vidoa vya Howell-Jolly hukuambia bandama haifanyi kazi, jambo la kawaida kwa mwenye selimundu. Basofili (aina ya chembe nyeupe) nyingi au chembe nyeupe changa hukuelekeza kwenye saratani ya damu ya CML. Chembe nyekundu zenye umbo la tone la machozi hukuelekeza kwenye uboho uliojaa makovu.

Umefaulu ukiweza kuandika: "Chembe sahani nyingi zimeonekana kwenye slaidi, hakuna vipande vya chembe nyekundu."

## Hatua ya 2: Maliza vyanzo vya kawaida

Wengi wenye chembe sahani nyingi wana sababu nje ya uboho. Kwa mazingira yetu anza na kifua kikuu, nimonia, jipu lililojificha, safura, hedhi nzito, vidonda vya tumbo, upasuaji wa karibuni, na selimundu. Saratani ya mapafu, tumbo au utumbo nayo hupandisha, hivyo mtu mzima anayekonda asiachwe bila kuchunguzwa.

Kama kuna maambukizi, yatibu, kisha rudia FBP baada ya wiki 4 hadi 6. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10, kwa hiyo kurudia baada ya siku 3 hakukuambii chochote.

Bandama kubwa pekee isikukimbize kwenye ugonjwa wa uboho. Malaria ya kujirudia na kichocho huikuza pia.

Uliza maswali haya kwa utulivu, maana mgonjwa hatayasema mwenyewe. Anawashwa mwili baada ya kuoga, bila upele? Viganja au nyayo huwaka moto na kuwa vyekundu? Amewahi kupata kiharusi, au damu kuganda mguuni au kwenye mishipa ya ini? Anachangia damu mara kwa mara, au anafanya hijama ya kutoa damu? Kuwashwa baada ya kuoga hutibiwa kama mzio au upele kwa miaka, kumbe ni dalili ya PV. Kutoa damu kila mara nako humaliza chuma na kuficha ugonjwa huo.

Onyo: mgonjwa mwenye udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, maumivu ya kifua, kuona giza kwa jicho moja, au tumbo kujaa maji ghafla hangoji hatua zinazofuata. Mpeleke hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Soma chuma pamoja na hesabu ya chembe nyekundu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tusiharakishe.

Upungufu wa chuma wenyewe hupandisha chembe sahani. WHO, katika mwongozo wa 2020, inahesabu feritini chini ya 15 µg/L kuwa upungufu kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, na chini ya 70 µg/L kwa mwenye maambukizi au uvimbe, kwa kuwa feritini hupanda mwili unapopambana na ugonjwa. Ndiyo sababu CRP lazima iwe mkononi.

Sasa linganisha karatasi mbili za mfano.

Ya kwanza: Hb (himoglobini) 8.2, RBC (idadi ya chembe nyekundu) 3.9, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 68, PLT 620, feritini 5. Chembe nyekundu ni ndogo na pia ni chache. Huu ni upungufu wa chuma wa kawaida. Tafuta damu inavujia wapi, mpe chuma, rudia FBP baada ya wiki 4. Hb ikipanda kwa gramu 1 hadi 2 na PLT ikashuka, umemaliza. Huhitaji homoni yoyote.

Ya pili: Hb 13.1, RBC 6.4, MCV 66, PLT 780, feritini 6. Feritini inafanana na ya kwanza, MCV inafanana, lakini angalia RBC. Mwili usio na chuma unawezaje kutengeneza chembe nyekundu nyingi kiasi hicho? Kuna kinachousukuma. Hb inaonekana ya kawaida kwa sababu chuma kimekwisha. Kikirudishwa, Hb itaruka. Hii ndiyo PV iliyojificha nyuma ya upungufu wa chuma, na ndipo EPO inapothibitisha thamani yake.

Onyo kubwa: usimpe chuma mgonjwa wa karatasi ya pili kabla ya kuchukua damu ya EPO na JAK2. Ukimjazia chuma, Hb inaweza kupanda haraka na damu ikaganda mshipani. Nalisisitiza hili kwa sababu tabibu huona feritini 6, huandika vidonge vya miezi 3, na humwambia mgonjwa arudi vikiisha.

Thalasemia (hitilafu ya kurithi ya himoglobini) nayo hutoa RBC nyingi zenye MCV ndogo, na aina ya alfa ipo sana ukanda wa pwani. Yenyewe peke yake haielezi PLT 780, na haishushi EPO.

Umefaulu ukiweza kumweka mgonjwa kwenye kundi moja: upungufu wa chuma wa kawaida, uvimbe au maambukizi, au "hakuna kinachoeleza", kama karatasi ya pili. Kundi la tatu ndilo linaloendelea na hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Chukua damu ya EPO kwa wakati wake

EPO huvurugwa kirahisi. Chukua damu asubuhi, kati ya saa 2 na saa 4, kwa kuwa kiwango hubadilika ndani ya siku na huelekea kupanda jioni.

Ichukue kabla ya mgonjwa kutolewa damu kwa matibabu, kabla ya kuongezewa damu, na kabla ya kuanza haidroksiurea (dawa ya kupunguza chembe za damu). Kupunguza damu na haidroksiurea hupandisha EPO. Kuongezewa damu huishusha. Kama moja limeshafanyika, liandike kwenye fomu pamoja na tarehe.

Tumia tyubu ya seramu. Iache igande dakika 30 hadi 60, isote, hamishia seramu kwenye kichupa kingine na ukiweke kwenye friji. Kama safari ni ndefu, igandishe. Damu iliyovunjika, ile ambayo seramu yake imekuwa nyekundu, usiitume, chukua nyingine.

Kwenye fomu andika Hb ya siku hiyo hiyo, kreatinini, kama anavuta sigara, kama ana ugonjwa wa mapafu au ni mjamzito, na mji anaoishi. Anayeishi Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si sawa na anayeishi Tanga. Mgonjwa wa figo anayechomwa sindano za EPO hana sababu ya kupimwa. Utapima dawa yake.

## Hatua ya 5: Soma jibu kando ya Hb

Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida karibu na 3 hadi 20 mIU/mL. Tumia kikomo kilichochapishwa kwenye jibu lako, na usisome namba ya EPO peke yake hata siku moja.

Hb juu, PLT juu, EPO chini. PV ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Kwa WHO, Hb inayotia shaka ni zaidi ya 16.5 kwa mwanamume na 16.0 kwa mwanamke, au hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) zaidi ya asilimia 49 na 48.

Hb ya kawaida au chini kidogo, feritini chini, PLT juu, EPO chini. Jibu hili linafuchua. Mwenye upungufu wa chuma wa kweli na Hb iliyoshuka anatakiwa awe na EPO ya juu, mara nyingi juu sana, maana figo zinalia kuomba damu. Zikinyamaza, ujue haziitaki: damu tayari inatoka kwingine bila amri. Angalia kreatinini kwanza. Figo zilizochoka nazo hunyamaza. Ikiwa figo ni nzima, itafute PV.

Hb ya kawaida, feritini ya kawaida, PLT juu, EPO chini. Ugonjwa wa uboho unanusika, lakini EPO haiwezi kukuambia ni ET au PV inayoanza. Wagonjwa wa ET wenye badiliko la JAK2 wanaweza kuwa na EPO ya chini.

PLT juu, EPO ya kawaida. Hujaondoa kitu. ET mara nyingi huwa hivi, na baadhi ya wenye PV pia. Endelea na jeni.

Hb juu, EPO juu. PV inakuwa ngeni sana hapa. Rudi kwenye mapafu, sigara, moyo, na uvimbe (tumor) wa figo au ini unaotoa EPO.

Hb chini, CRP juu, EPO isiyopanda ilivyotarajiwa. Uvimbe wa muda mrefu huzuia figo kutoa EPO ya kutosha. Tafuta kifua kikuu au ugonjwa mwingine sugu kabla ya kulaumu uboho.

## Hatua ya 6: Jeni, kisha uboho

EPO hukuonyesha njia. Kinachothibitisha ni jeni na uboho.

Anza na JAK2 V617F. Hupatikana kwa zaidi ya asilimia 95 ya wenye PV na kwa takriban nusu au zaidi kidogo ya wenye ET. Ikiwa haipo na EPO iko chini na Hb juu, omba JAK2 eksoni 12. Ikiwa picha ni ya ET, omba CALR, kisha MPL.

Pima BCR-ABL1 pia, hasa ukiona basofili. CML inaweza kuanza na chembe sahani nyingi tu, na dawa yake, imatinibu, ni tofauti kabisa. Kuikosa ni kumnyima mtu miaka ya maisha.

Kutokupata jeni hata moja hakumalizi kesi. Kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya wenye ET hawana badiliko la JAK2, CALR wala MPL. Kwao, kipande cha uboho ndicho hakimu: ET huonyesha megakariosaiti kubwa zilizokomaa, huku aina nyingine za seli zikibaki karibu na kawaida.

## Hatua ya 7: Mlinde mgonjwa wakati majibu yako njiani

Majibu ya jeni yanaweza kuchukua wiki. Mambo matatu hayangoji.

Aspirini ya miligramu 75 hadi 100 husaidia wengi, na hupoza viganja na nyayo zinazowaka. Lakini PLT ikizidi 1,000, chembe hizo hunasa kigandisha damu kiitwacho von Willebrand, na mgonjwa anaweza kuvuja damu badala ya kugandisha. Muulize kuhusu kutokwa damu puani, kwenye fizi au kinyesi cheusi. Akisema ndiyo, usimpe aspirini mpaka mtaalamu wa damu amwone.

Potasiamu ikirudi juu kwa mtu asiye na dalili, usikimbilie insulini ya kuishusha. Chembe sahani nyingi humwaga potasiamu damu inapoganda ndani ya tyubu. Chukua nyingine kwenye tyubu ya heparini, isote mapema, na mfanyie kipimo cha umeme wa moyo. Kumchoma insulini mtu ambaye potasiamu yake ni ya kawaida ni kumtafutia sukari kushuka.

Mgonjwa aache sigara, anywe maji ya kutosha, na asiende kufanya hijama wala kuchangia damu mpaka majibu yarudi. Kwa mwenye PV iliyothibitishwa, hospitali itampunguza damu kwa kipimo, lengo likiwa hematokriti chini ya asilimia 45.

## Hatua ya 8: Barua ya rufaa yenye kusaidia

Mtaalamu wa damu yuko mbali na foleni yake ni ndefu. Barua ya "PLT juu, tafadhali msaidie" humrudisha mgonjwa mwanzo wa safari na kumlipisha vipimo upya.

Andika PLT zote kwa tarehe zake, kuanzia ya zamani. Andika Hb, RBC, MCV, feritini na CRP za siku moja. Andika EPO pamoja na kikomo cha maabara, saa ya kuchukua damu, na kama mgonjwa alikuwa ameshatolewa au kuongezewa damu. Taja dawa anazotumia, historia ya damu kuganda, na kama bandama inapapasika, sentimita ngapi chini ya mbavu.

Slaidi yenyewe ifunge kwenye karatasi laini ndani ya kiboksi kigumu, iandike jina na tarehe kwa penseli upande wenye ukungu, na umpe mgonjwa aibebe mkononi.